Mtihani wa Kusema Pole

Kabla hakujakuwa na mtihani wowote rasmi wa kupima jinsi daktari anavyoongea na mgonjwa, kulikuwa na mgonjwa mmoja New York aliyeamua kuutunga mwenyewe. Ilikuwa miaka ya 1950. Bwana huyo alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, na hospitali ilikuwa ikimtumia kwa mitihani: madaktari wanaotaka kuwa mabingwa wa neva wanaletwa kitandani kwake, wanampima, halafu wanaenda kuwaeleza watahini wamepata nini. Siku moja akaletewa daktari mkali, asiye na subira, aliyemgeuza kama gunia. Bwana akanyamaza. Baadaye akamwambia daktari kijana aliyekuwa akimhudumia, Howard Barrows, kwamba amelipiza kisasi.

Alilipiza hivi. Ukikwaruza wayo wa mtu mwenye hitilafu fulani ya neva, kidole gumba cha mguu huinuka juu badala ya kujikunja chini. Bwana yule alikuwa amepimwa mara nyingi hivi kwamba alijua kila kinachotafutwa. Kwa hivyo alipokwaruzwa akahamisha kidole: mguu usiofaa ndio ukainuka. Akabadilisha pia sehemu za mwili alizosema zimekufa ganzi. Yule mtahiniwa akaenda mbele ya mabingwa kueleza ugonjwa ambao haupo.

Barrows hakukisahau kisa hicho, na kilikuwa na mafunzo mawili. La kwanza, mtu anaweza kuigiza dalili hadi daktari adanganyike. La pili ndilo zito: daktari anapompima mgonjwa, mgonjwa naye anampima daktari, na ana maoni. Shida ni kwamba maoni yake hayaandikwi popote. Anapanda nayo matatu anarudi nayo nyumbani, labda anamsimulia jirani, yanaishia hapo. Historia ninayotaka kukupa hapa ni ya watu waliojaribu kuyaandika maoni hayo, wakayapa alama, wakayaweka kati ya daktari na leseni yake. Na ya jinsi Marekani, baada ya kazi yote hiyo, ilivyoyafuta kwa tangazo moja la Januari 2021.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Bodi ya kitaifa ya watahini wa tiba Marekani, NBME, iliundwa mwaka 1915 na ikatoa mtihani wake wa kwanza mwaka uliofuata. Ndani yake kulikuwa na kuandika, kulikuwa na maabara, na kulikuwa na kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa kweli huku mabingwa wakikuhoji. Inasikika vizuri. Tatizo lilikuwa bahati. Wewe unapangiwa mgonjwa mwenye kichomi cha kawaida na mtahini mpole. Mwenzako anapangiwa mzee asiyesikia vizuri, mwenye ugonjwa wa ajabu, na mtahini aliyeamka vibaya. Bodi ilipolinganisha alama ambazo mtahiniwa mmoja alipewa na watahini wawili tofauti, iligundua kwamba hazielekei kuhusiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaliondoa lile jaribio la kitandani, na mahali pake yakaja maswali ya karatasi na picha.

Ulikuwa uamuzi wa haki. Karatasi haijali umetoka wapi wala mtahini ameamka vipi. Lakini karatasi haina macho. Kwa takriban miaka 40 iliyofuata, mhitimu wa chuo cha Marekani angeweza kuupita mtihani wa kitaifa wa udaktari bila mtahini hata mmoja wa bodi kumwona akimsalimia mtu. Mimi chuo niliacha mwaka wa tatu, tena kozi yangu haikuwa ya udaktari, lakini aina hiyo ya mtihani naijua: unameza notisi, unazitapika kwenye karatasi, mnaachana.

Wakati bodi inaondoa kitanda, Barrows alikuwa amehamia Los Angeles, kwenye Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 1963 alimfundisha mwanamke mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya wachoraji ili wamchore, aigize mgonjwa aliyepooza miguu. Kisa chenyewe kilitokana na mgonjwa wa kweli. Wanafunzi wakaingia mmoja mmoja, wakamhoji, wakampima, wakatoka. Kila mmoja alipotoka, yule mwanamke alijaza fomu: huyu alifanya nini, ameruka nini. Mwaka 1964 Barrows na mwenzake Stephen Abrahamson wakachapisha makala kuhusu mbinu hiyo, wakampa mwigizaji wao jina lenye harufu ya kompyuta: mgonjwa aliyeprogramiwa.

Wakubwa wengi walinuna. Los Angeles ni mji wa sinema, na magazeti yalipoipata habari hiyo yaliifanya kichekesho, ati Hollywood sasa imeingia kwenye chuo cha tiba. Udaktari ni sayansi, kwani tangu lini ukawa maigizo?

Lakini angalia alichokitatua. Mgonjwa wa kuigiza ni yuleyule kwa mtahiniwa wa kwanza na wa ishirini. Maumivu ni yaleyale, hadithi ni ileile, hasira ni ileile. Haki ya karatasi unaipata, na macho ya kitandani unayarudisha. Na kuna jambo la tatu ambalo waliocheka hawakuliona: fomu haikujazwa na profesa. Ilijazwa na mtu aliyelala kitandani.

Miaka ya 1970 daktari wa watoto Paula Stillman, wa Chuo Kikuu cha Arizona, alilisukuma hilo mbele zaidi. Aliwachukua akina mama, watu wa kawaida wasio na shahada ya tiba, akawafundisha kusimulia ugonjwa wa mtoto kwa mwanafunzi kisha kumpa mwanafunzi huyo alama kwa vipimo vilivyoandikwa. Maswali yake yalikuja kwa mpangilio? Alitumia maneno ninayoyaelewa? Alinipa nafasi ya kuuliza yangu? Fikiria ukubwa wa hilo. Mama ambaye kwa kawaida angeambiwa "subiri nje" sasa anampa daktari mtarajiwa alama, na alama zenyewe zinahesabika.

Ng'ambo ya bahari, mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walichapisha mpango ambao leo unatumika karibu kila mahali. Badala ya kitanda kimoja na mgonjwa mmoja, mtahiniwa anazunguka vituo vingi vifupi. Hapa unapima presha, pale unasoma picha ya eksirei, kituo kinachofuata unazungumza na mgonjwa. Kengele ikilia, unahama. Ukivuruga kituo kimoja bado una vingine vya kujiokoa, na watahini ni wengi, kwa hivyo kisirani cha mmoja hakikuangamizi. Wanafunzi wa udaktari wa hapa Nairobi wanaujua mtihani huo kwa herufi zake nne, OSCE, na wengi wao wakizisikia tumbo linacheza.

Hadi hapo haya yalikuwa mambo ya vyuo. Kuyaweka kwenye leseni ni kitu kingine kabisa, manake leseni ndiyo inayoamua nani atashika kisu na nani atarudi nyumbani. Canada ilithubutu mwaka 1992: baraza lake la tiba liliingiza mtihani wa vituo, wenye wagonjwa wa kuigiza, kwenye safari ya kupata leseni. Marekani ikafuata, ila kwa mlango wa uani. Ilianza na wageni. Mwaka 1998 ECFMG, shirika linalothibitisha vyeti vya madaktari waliosomea nje ya Marekani, lilifungua kituo Philadelphia na kusema: mhitimu yeyote wa kigeni anayetaka kufanya mafunzo ya ubingwa huku, aje kwanza aongee na wagonjwa wetu wa kuigiza tumwone. Wahitimu wa vyuo vya Marekani wenyewe waliambiwa wafanye mtihani kama huo miaka sita baadaye, mwaka 2004, ulipoingizwa kwenye mtihani wa leseni wa USMLE kwa jina la Step 2 CS. Miaka sita yote, wageni ndio waliokuwa panya wa maabara.

Hapa historia hii inatugusa moja kwa moja. Vituo vya Step 2 CS vilikuwa vitano: Philadelphia, Atlanta, Chicago, Houston na Los Angeles. Nje ya Marekani hakikuwepo hata kimoja. Daktari aliyesomea Nairobi au Dar es Salaam alihitaji visa, tiketi ya ndege, mahali pa kulala, na ada ambayo kwa wahitimu wa Marekani ilifika kama dola 1,300 mwishoni, na kwa wageni ilizidi hapo. Dola 1,300 pekee ni zaidi ya shilingi 130,000. Hiyo ni kabla hujamwambia mgonjwa yeyote hujambo.

Siku ya mtihani ilikuwa hivi. Wagonjwa 12. Kila mmoja ana chumba chake, na mlangoni kuna karatasi: jina, umri, amekuja kwa nini, presha yake, joto lake. Unasoma haraka. Unabisha. Unajitambulisha. Unanawa mikono au kuvaa glavu. Una dakika 15 za kuuliza, kupima na kueleza unachofikiria, kisha dakika 10 za kuandika ripoti. Halafu mlango unaofuata. Ukitoka chumbani, yule "mgonjwa" anageukia kompyuta na kuanza kukupa alama.

Alama zilikuwa za mafungu matatu: ulivyokusanya habari na kuandika ripoti, ulivyowasiliana na mgonjwa, na Kiingereza chako cha kuzungumza. Ilibidi uyapite yote matatu kwa siku moja. Ukianguka moja, umeanguka.

Hapo kwenye fungu la pili ndipo kelele zilipozuka. Unapima vipi kujali? Palipo na mtihani hapakosi vitabu vya kuukariria. Watahiniwa walifundishwa wakati wa kumtazama mgonjwa machoni, wakati wa kumfunika shuka, wakati wa kusema "nasikitika kusikia hivyo". Watu walifanya mazoezi ya huruma na wenzao vyumbani, saa mkononi. Wakosoaji wakasema: basi mnachopima ni uigizaji. Mgonjwa anaigiza kuumwa, daktari anaigiza kujali, na bodi inapokea pesa za kweli.

Hoja hiyo inavutia, lakini mtu aliyelelewa kwa Kiswahili anaweza kuitazama kwa jicho jingine. Sisi tuna neno "pole". Tunalisema kwa aliyefiwa, kwa aliyejikwaa, kwa anayetoka kazini, kwa mtu aliyekwama kwenye foleni ya Thika Road. Hakuna anayekuuliza kama pole yako imetoka moyoni. Ni ada, ni neno la kukariri tangu utotoni. Lakini jaribu kutolisema. Ingia kwa mgonjwa, uliza maswali yako yote, usiseme pole. Mpaka jioni familia nzima itakuwa inakujadili. Adabu ya kukariri ina kazi yake: inampa mwenye maumivu dakika moja ya kujua kwamba ameonekana. Huruma ikija baadaye, vizuri. Isipokuja, angalau mlango umefunguliwa. Kwa hivyo daktari aliyejifunza kusema pole kwa sababu ya mtihani, mimi namchukua. Nimewahi kuhudumiwa na ambao hakuna aliyewahi kuwatahini, na tofauti unaisikia kabla hujakaa.

Fungu la tatu, la Kiingereza, lilikuwa na ukali wake. Ni kweli mgonjwa wa Chicago ana haki ya kumwelewa daktari wake. Lakini anayetoa alama ana masikio yaliyolelewa mahali fulani, na lafudhi ya Kisumu si kosa la matamshi. Fungu la mawasiliano lenyewe lilikuwa limebeba desturi za watu: kumtazama mzee machoni muda wote, kumkatiza na kumuuliza moja kwa moja habari za pombe na kitanda. Kwetu kijana aliyefunzwa vizuri anaanza kwa kuzunguka. Jumla ya yote ni kwamba wageni walianguka kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wahitimu wa Marekani, ambao zaidi ya 9 kati ya 10 walipita mara ya kwanza.

Kiwango hicho cha kupita ndicho kilichokuja kuuponza mtihani. Mwaka 2013 madaktari wawili waliandika katika New England Journal of Medicine hesabu rahisi: ukijumlisha pesa zote ambazo wanafunzi wa Marekani wanalipa, kisha ugawe kwa wale wachache sana wanaoanguka na kurudia na kuanguka tena, kumkamata mmoja wao kunagharimu zaidi ya dola milioni 1. Mwaka 2016 wanafunzi wa Harvard wakaanzisha ombi la kutaka mtihani ufutwe, na maelfu wakatia saini. Wengi wao walikuwa na madeni ya karo shingoni tayari. Walisema vyuo vyao vinaweza kuwapima mambo hayo nyumbani.

Malalamiko yao mengine ndiyo naona yalikuwa mazito kuliko pesa. Matokeo yalikuja kama neno moja: umepita au umeanguka. Aliyeanguka alipata mchoro wa jumla wa kuonyesha fungu alilolegea, basi. Wagonjwa 12 walikuwa wamemtazama kwa karibu siku nzima, wakampa alama, na hakuna aliyemwambia: ulinikatiza mara tatu, ulipotaja saratani ulikuwa ukiangalia saa. Yaani walimpa mgonjwa kalamu, halafu wakafungia kabatini alichoandika.

Waliotetea mtihani hawakuwa mikono mitupu. Mwaka 2007 Robyn Tamblyn na wenzake walichapisha katika JAMA utafiti uliowafuata madaktari 3,424 waliofanya ule mtihani wa Canada kati ya 1993 na 1996, kisha wakafanya kazi Ontario na Quebec. Watafiti walipekua malalamiko ya wagonjwa yaliyofikishwa kwa mamlaka za leseni na kuonekana kuwa na msingi. Karibu daktari mmoja kati ya sita alikuwa na lalamiko angalau moja. Na waliokuwa na alama za chini za mawasiliano kwenye mtihani ndio waliolalamikiwa zaidi, hata baada ya kuzingatia alama zao za karatasi. Soma tena hilo. Mwigizaji kwenye chumba cha mtihani, katika dakika chache, alikuwa ameona kitu ambacho wagonjwa wa kweli wangekuja kulia nacho miaka mingi baadaye.

Kwa hivyo pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Mtihani uliona jambo la kweli, na ulikuwa wa bei mbaya, tena bubu.

Mwishowe haukuuawa na hoja. Machi 2020 korona ilifunga vituo vyote, kwa sababu huwezi kumpima mtu kifua ukiwa mita mbili. Waendeshaji walisema kwanza wataurudisha ukiwa umeboreshwa. Tarehe 26 Januari 2021 wakatangaza kwamba hautarudi. Mwaka huohuo Canada nayo ikauzika wake.

Mzigo haukupotea kwa kila mtu, lakini. Kwa wahitimu wa Marekani kazi ilirudi kwa vyuo vyao. Wageni waliwekewa njia nyingine, ikiwemo OET, mtihani wa Kiingereza cha tiba ambao ndani yake bado unazungumza na mtu anayeigiza mgonjwa. Anayeelekea Uingereza anakutana na PLAB 2 kule Manchester: vituo, waigizaji, kengele, na alama za jinsi unavyohusiana na mtu. Ukitazama vizuri, anayepimwa lugha na adabu mpakani bado ni yuleyule aliyepimwa kwanza mwaka 1998.

Na huku kwetu? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka anayetoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, chaguo za matibabu, na hatari na gharama zake. Inasema pia kwamba, inapowezekana, afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Ni maneno mazuri sana. Sasa yalinganishe na darasa. Tiba inafundishwa kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, lakini anayekuja Jumatatu asubuhi ni mama wa Kwale au mzee wa Lodwar. Daktari anayeweza kueleza ugonjwa wa kisukari kwa kurasa 10 za Kiingereza anaweza kukwama akiulizwa, "Daktari, hii sukari yangu imetoka wapi na mimi chai nakunywa kavu?" Hilo ni swali la mtihani kabisa. Jibu lake linaamua kama dawa zitamezwa au zitakaa kwenye dirisha.

Kituo kama hicho hakihitaji jumba la Philadelphia. Kinahitaji chumba, saa, na mama mmoja aliyefundishwa kisa na kulipwa kwa siku yake, kama wale wa Arizona. Aulizwe kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa lugha yoyote ya eneo ambako daktari atatumwa. Ajaze fomu yake. Halafu wafanye kile ambacho Wamarekani hawakufanya kwa miaka yote waliyoendesha mtihani wao: fomu hiyo apewe daktari mwenyewe, mkononi, aisome yote.